Usimamizi shirikishi wa uvuvi katika Ziwa Nyasa

Usimamizi shirikishi wa uvuvi katika Ziwa Nyasa ni utaratibu ambao wavuvi na wanakijiji wa mwambao hugawana na serikali madaraka na wajibu wa kulinda samaki wa ziwa hilo. Wanashirikiana kuamua mahali pasipovuliwa, majira ya kusimamisha uvuvi, zana zinazokubalika, na namna ya kumwajibisha anayevunja masharti. Kwa upande wa Tanzania mwambao huo uko katika wilaya za Kyela (Mkoa wa Mbeya), Ludewa (Mkoa wa Njombe) na Nyasa (Mkoa wa Ruvuma). Wilaya ya Ludewa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi ulipoanzishwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Kwa hiyo kwa miaka mingi sehemu ya kaskazini ya mwambao huu ilikuwa ya mikoa miwili ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya na Iringa.

Msingi wa utaratibu huu katika sheria ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Sheria hiyo inaruhusu serikali kuingia makubaliano ya usimamizi na vikundi vya wavuvi, ambavyo hujulikana zaidi kwa kifupi BMU. Utaratibu wa namna hiyo hutumika pia katika Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na katika pwani ya Bahari Hindi, ambako lengo mojawapo ni kuhifadhi miamba ya matumbawe.

## Ziwa na samaki wake

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Lina eneo la kilomita za mraba 29,600 hivi, urefu unaokaribia kilomita 580, na kina kinachozidi mita 700. Limo ndani ya Bonde la Ufa na linapakana na Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mito inayoingia kutoka upande wa Tanzania ni pamoja na Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Ruhuhu.

Ukubwa huo unaweza kumdanganya mtu adhani kwamba samaki hawawezi kuisha. Kwa kweli maji yaliyo chini ya mita 250 hivi hayana oksijeni, maana maji ya juu na ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki kikamilifu. Viumbe wanaohitaji hewa wanaishi katika tabaka la juu tu. Tena samaki wengi huzaa na kukulia karibu na ufuko, kwenye maji ya kina kifupi, kwenye midomo ya mito au kwenye miamba. Sehemu hizo ni ukanda mwembamba, na ndiko wavuvi wengi wadogo wanakofika kwa mitumbwi yao.

Mwambao wenyewe una sura mbili. Upande wa Kyela kuna uwanda wenye mvua nyingi, mashamba ya mpunga na kakao, fuko za mchanga na midomo ya mito. Kuanzia Matema kwenda kusini-mashariki, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Upande huu wa Ludewa ufuko ni wa mawe makubwa, kina huongezeka ghafla, na vijiji vingi kwa muda mrefu vimefikika kwa urahisi zaidi kwa njia ya maji kuliko ya nchi kavu. Wakazi wa mwambao ni pamoja na Wanyakyusa, ambao ni wakulima na wavuvi, na Wakisi, wanaojulikana kwa uvuvi na kwa vyungu vinavyofinyangwa na wanawake wao.

Ziwa Nyasa lina spishi nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Zinakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote. Kwa mtazamo wa usimamizi samaki hao wanaweza kugawanywa katika makundi manne:

* Mbasa (jina la kisayansi Opsaridium microlepis) anaishi ziwani lakini hupanda mito ili kuzaa.
* Usipa (Engraulicypris sardella) ni samaki mdogo wa maji ya wazi, mfano wa dagaa.
* Perege wa jenasi Oreochromis, ambao nchini Malawi huitwa chambo, hupendelea maji ya kina kifupi yenye mchanga na majani.
* Samaki wa miamba ni wadogo wenye rangi nyingi, maarufu duniani kwa jina la Kimalawi la mbuna.

Kila kundi lina maisha yake, na kwa sababu hiyo kanuni inayofaa kundi moja inaweza isilifae jingine.

## Historia

Kabla ya sheria za kisasa uvuvi wa mwambao ulitegemea mitumbwi ya mti mmoja, ndoana, nyavu za kusuka kwa mkono na mitego ya kufumwa inayoitwa migono. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilitumika pia sumu ya mimea, hasa utupa, kwenye mito na madimbwi. Zana hizo hazikuweza kufika mbali, na idadi ya wavuvi ilikuwa ndogo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na nyavu za nailoni, ambazo hazioza na zinauzwa kwa bei nafuu, pamoja na ongezeko la watu na la masoko. Barabara ziliunganisha Kyela na Tukuyu, jiji la Mbeya na mpaka wa Tunduma, na samaki waliokaushwa wakapata wanunuzi mbali na ziwa.

Baada ya uhuru usimamizi wa uvuvi ulikuwa mikononi mwa serikali. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilitoa leseni, ikakataza uvuvi wa sumu na baruti, na kuweka maafisa wa kuisimamia. Shida ilikuwa kwamba afisa uvuvi mmoja, mara nyingi bila boti wala mafuta, alipewa mwambao mrefu wenye mialo mingi. Mvuvi kwa upande wake aliiona sheria kama jambo la serikali, si lake. Mwaka 1980 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), ambayo ina kituo wilayani Kyela kwa ajili ya Ziwa Nyasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya kwanza vya BMU vilianzishwa katika Ziwa Victoria. Sheria ya mwaka 2003 ilifuta ile ya 1970 na kuupa ushirikishwaji nafasi rasmi, na vikundi vikaundwa pia katika maziwa mengine na pwani.

## Muundo

BMU huundwa kwenye mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa. Wanachama wake si wavuvi peke yao. Wamo wenye mitumbwi na nyavu, vibarua wanaovua kwa ujira au kwa mgawo, wachuuzi, wakaushaji wa samaki, mafundi wa mitumbwi na washonaji wa nyavu. Mchanganyiko huo una maana yake, kwa kuwa mwenye chombo na kibarua hawana masilahi yaleyale, na wakaushaji na wachuuzi, ambao wengi wao ni wanawake, ndio wanaojua mapema kama samaki wanaoshushwa wanazidi kuwa wadogo.

Wanachama huchagua kamati. Kazi zake za kawaida ni hizi:

* kuandikisha wavuvi na vyombo vilivyopo mwaloni;
* kusaidia kukusanya takwimu za samaki wanaovuliwa;
* kufanya doria pamoja na afisa uvuvi, na kutoa taarifa za zana haramu;
* kusimamia usafi wa mwalo;
* kusuluhisha ugomvi kati ya wavuvi, kwa mfano nyavu zinapokatwa;
* kupendekeza maeneo na majira ya kufunga uvuvi.

Kamati peke yake haitungi sheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hatua ya mkutano mkuu ni muhimu sana. Sharti lililojadiliwa hadharani, mbele ya wale litakaowabana, lina nafasi kubwa ya kuheshimiwa kuliko tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Kanuni za taifa hubaki juu ya sheria ndogo. Kijiji kinaweza kuongeza ukali wa masharti, lakini hakiwezi kuruhusu kilichokatazwa na taifa, kama vile kokoro la kuvutwa ufukweni au nyavu za timba.

## Mbasa na mito ya Kyela

Mbasa ndiye samaki anayeonyesha wazi zaidi kwa nini kijiji kinahitajika katika usimamizi. Ni samaki mwenye mwili mrefu wa rangi ya fedha, anayefikia nusu mita hivi, na nyama yake inapendwa sana Mbeya. Akiwa ziwani hula hasa usipa na viumbe wadogo wa majini. Wakati wa mvua huingia katika mito kama Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Ruhuhu, akapanda hadi mahali penye maji yanayotiririka juu ya changarawe safi. Huko hutaga mayai, na watoto wake hurudi ziwani wakichukuliwa na mkondo.

Safari hiyo ina hatari tatu. Ya kwanza ni mdomo wa mto. Mbasa wote wanaokwenda kuzaa lazima wapite kwenye mlango mwembamba, na wavu uliotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo unaweza kukamata kizazi chote kabla ya kutaga. Ya pili ni sumu na mitego inayowekwa katika mto wenyewe. Ya tatu haitoki kwa wavuvi kabisa: mashamba yanayolimwa hadi ukingoni katika miteremko ya Rungwe na Kyela huachia udongo, nao huingia mtoni na kufunika changarawe. Mayai yaliyofunikwa na tope hukosa hewa na kufa.

Kwa hiyo ulinzi wa mbasa unahitaji makubaliano ya watu ambao hawakutani mwaloni. Mvuvi wa Kyela anaweza kuacha mdomo wa mto wazi msimu mzima, lakini kazi yake ikaharibiwa na mkulima wa milimani ambaye hajawahi kuliona ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sharti hilo hutimizwa pale tu vijiji vya juu vinapoona nao faida yake. Mpango wa BMU unaoishia ufukweni haumfuati mbasa hadi mwisho wa safari yake.

Tukio la Malawi ni onyo. Huko samaki mwingine apandaye mito, Labeo mesops, aitwaye nchila, alikuwa miongoni mwa samaki waliovuliwa kwa wingi ziwani. Idadi yake ilianguka vibaya kufikia miaka ya 1960, baada ya nyavu kutegwa kwenye midomo ya mito wakati wa kuzaa. Hakurudia wingi wake wa zamani.

## Samaki wa miamba

Kwenye mwambao wa mawe wa Matema na Ludewa wanaishi samaki wadogo wa familia ya sikilidi. Spishi nyingine hupatikana kwenye kipande kimoja tu cha ufuko wa mawe, kwa sababu samaki hao hawapendi kuvuka mchanga au maji ya kina kirefu. Kwa wengi wao mama huatamia mayai kinywani, na watoto huwa wachache. Kwa hiyo kundi la samaki likimalizwa kwenye mwamba mmoja halijazwi upesi na samaki wa mwamba wa jirani. Samaki hawa hutafutwa pia na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo, wanaowauza nje ya nchi wakiwa hai.

Katika jambo hili miamba ya Ziwa Nyasa inafanana na miamba ya matumbawe ya Bahari Hindi. Yote miwili hukusanya viumbe wengi mahali padogo, yote inajulikana kwa majina na wenyeji, na mipaka yake huonekana kwa macho. Eneo la aina hiyo ni rahisi kulinda kuliko maji ya wazi, kwa kuwa kijiji kinaweza kusema “mwamba huu hauvuliwi” na kila mtu akaelewa ni upi. Nchini Malawi sehemu ya miamba ya kusini ilihifadhiwa mwaka 1980 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, ambayo UNESCO iliiorodhesha kama Urithi wa Dunia mwaka 1984.

## Usipa

Usipa ni kinyume cha samaki wa miamba. Hukua haraka, huishi mwaka mmoja hivi, hutembea makundi kwa makundi katika maji ya wazi, na idadi yake hupanda na kushuka kila mwaka. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa betri, kisha huanikwa juani. Kwa familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini usipa ni protini ya bei nafuu.

Kwa kuwa huzaliana upesi, usipa huvumilia uvuvi kuliko samaki wengine. Tatizo ni nyavu zake za macho madogo. Zikitumika mbali na ufuko hukamata usipa, lakini zikivutwa karibu na ufuko huzoa watoto wa perege na wa samaki wengine. Hivyo suala kubwa la usimamizi wa usipa ni mahali wavu unapotupwa, na hilo afisa wa wilaya hawezi kulitazama kila usiku, bali watu wa mwalo wanaweza.

## Uzoefu wa pwani

Mipango ya kijamii ya uvuvi ilianza mapema zaidi pwani kuliko katika Ziwa Nyasa, na mafunzo yake yanafaa maziwa pia.

Mkoani Tanga, mwaka 1994, ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani uliosaidiwa na Ireland na shirika la IUCN. Vijiji viliunganishwa katika maeneo ya usimamizi wa pamoja, kwa mfano Mtang’ata na Boza-Sange. Baadhi ya miamba ilifungwa, doria zilifanywa na wanakijiji pamoja na vyombo vya serikali, na wavuvi walifundishwa kupima hali ya matumbawe wao wenyewe. Uvuvi wa baruti, uliokuwa umeharibu miamba mingi, ulipungua katika miaka ya mwisho ya 1990. Lakini fedha za mradi na doria zilipodhoofika, milipuko ilirudi kwa wingi. Ilipungua tena baada ya mwaka 2016, vyombo mbalimbali vya dola viliposhirikiana kuwasaka wasambazaji wa baruti. Fundisho lake ni kwamba wanakijiji wanaweza kuzuia nyavu haramu za jirani yao, lakini hawawezi peke yao kupambana na mtu mwenye baruti.

Mafia ilipata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Tofauti na hifadhi za taifa za wanyama, vijiji vilibaki ndani ya hifadhi, na maeneo yaligawanywa kwa matumizi mbalimbali.

Mfano uliosambaa zaidi ni ufungaji wa muda wa miamba ya pweza. Ulianza Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004. Pweza hukua haraka sana, hivyo kufunga mwamba kwa miezi michache huleta pweza wakubwa siku ya kufungua. Faida inaonekana upesi na kwa wote, na kijiji kilichoionja hukubali baadaye kufunga eneo kwa muda mrefu zaidi. Utaratibu huo umefuatwa pia katika Kisiwa Panza huko Pemba na katika kisiwa cha Songosongo wilayani Kilwa.

Nchini Kenya eneo lililofungwa na jamii huitwa tengefu. Huko Kuruwitu, Kilifi, wazee wa uvuvi waliona samaki wakipungua, wakaunda chama mwaka 2003, na mwaka 2005 wakafunga eneo la hekta 30 hivi. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo ulinzi wa kijiji hauzuii kila madhara. Mwaka 1998 joto la bahari lililoletwa na El Niño lilipausha na kuua matumbawe mengi katika Bahari Hindi ya magharibi, yakiwemo yaliyolindwa vizuri.

## Uzoefu wa Malawi

Upande wa pili wa ziwa una historia ndefu kidogo ya kamati za wavuvi. Ziwa Malombe, lililo kwenye Mto Shire kusini mwa Ziwa Nyasa, lilikuwa na chambo wengi hadi walipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1993 serikali ya Malawi ilianzisha huko Kamati za Vijiji vya Ufukoni, na sheria ya uvuvi ya 1997 ikazitambua. Matokeo hayakufikia matarajio. Kamati ziliundwa haraka na idara ya uvuvi, nafasi za machifu na za wenye nyavu hazikueleweka vizuri, na wavuvi wengi walizihesabu kama mkono wa serikali. Chambo wa Malombe hawakurudi kama zamani.

## Maeneo mengine ya Nyanda za Juu Kusini

Utaratibu wa ushirikishwaji unahusu pia maji mengine ya mikoa ya Mbeya na Iringa.

Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma, lilikamilika mwaka 1980 kwa ajili ya umeme. Baada ya kujaa likawa eneo kubwa la uvuvi wa perege na kambale. Maji yake hupanda na kushuka kati ya mita 698.5 na mita 690 juu ya usawa wa bahari kadiri yanavyotumika. Kwa kuwa bonde ni tambarare, kushuka huko hupunguza sana eneo la bwawa. Samaki hubanana na kuvuliwa kwa urahisi katika wakati uleule ambao wangehitaji kupumzishwa. Wavuvi wa Mtera hawaamui kiwango cha maji, na hilo ni pungufu kubwa katika mpango wowote wa uvuvi wa bwawa.

Maji ya Mtera hutegemea Ruaha Mkuu, unaotoka Usangu mkoani Mbeya. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka majira ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu zinazotajwa zaidi ni umwagiliaji na kupungua kwa kinamasi cha Ihefu. Wafugaji na wavuvi waliondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na eneo hilo likaunganishwa na hifadhi mwaka 2008. Ruaha Mkuu huishia katika Rufiji, mto unaolisha mikoko ya delta inayoelekea Mafia. Kwa njia hiyo nyanda za juu na bahari zimeunganishwa na maji yaleyale.

Hadi kuanzishwa kwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, Mkoa wa Mbeya ulifika pia kwenye Ziwa Rukwa, ambalo lina kina kifupi na perege wake wa pekee.

Mkoani Iringa wazo hilohilo limetumika kwa wanyamapori katika jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, inayounganisha vijiji 21, na kwa misitu ya asili ya vijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Msitu hauhami, lakini samaki huhama, na ndiyo sababu uvuvi ni mgumu zaidi kugawanywa kwa mipaka ya vijiji.

## Matatizo

Matatizo yanayotajwa mara kwa mara kuhusu BMU nchini ni yafuatayo.

La kwanza ni mapato. Leseni na ushuru wa samaki hukusanywa kwa ajili ya halmashauri na serikali. Pasipo sehemu ya mapato kurudi mwaloni, kamati hukosa mafuta, boti na posho, na doria husimama. Wajumbe hubaki na lawama bila malipo.

La pili ni undugu. Anayekamatwa na kokoro huenda ni shemeji au jirani wa mjumbe. Kumpeleka polisi kunaweza kuvunja uhusiano ambao familia huutegemea wakati wa njaa na wa msiba. Kwa sababu hiyo vikundi vingi hupendelea onyo na faini ya kijiji kwanza, na mahakama baadaye.

La tatu ni wavuvi wahamaji wanaofuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo, ambao hawakuwepo sharti lilipokubaliwa.

La nne ni mpaka. Tanzania na Malawi zinatofautiana tangu miaka ya 1960 kuhusu mahali mpaka unapopita, ama katikati ya ziwa ama ufukoni upande wa Tanzania. Ziwa Victoria lina taasisi yake ya uvuvi tangu 1994 na Ziwa Tanganyika lina mkataba wa 2003. Kwa mkataba huo na makubaliano yaliyofuata nchi zinaweza kupanga pamoja, kama Tanzania ilivyositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ziwa Nyasa halina chombo cha namna hiyo kwa uvuvi, ingawa Tanzania na Malawi zina ushirikiano katika Bonde la Mto Songwe.

La tano ni umaskini. Mwenye wavu mmoja hawezi kuacha kuvua kwa miezi mitatu ikiwa hana chakula kingine. Kyela ina nafuu ya mpunga na kakao, lakini miteremko ya Ludewa haina ardhi nyingi ya kulima.

## Masharti ya mafanikio

Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani Elinor Ostrom alichapisha utafiti kuhusu jamii zilizofaulu kutunza mali ya pamoja kwa vizazi vingi, kama malisho, mifereji na uvuvi. Alitaja kanuni nane, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Miongoni mwa kanuni hizo ni mipaka inayojulikana, masharti yanayolingana na mazingira ya mahali, watumiaji kushiriki kuyatunga, adhabu zinazoanza ndogo na kukua, na serikali kuitambua haki ya jamii kujipangia.

Zikilinganishwa na Ziwa Nyasa, mwamba wa Ludewa na mdomo wa mto wa Kyela vina mipaka inayoonekana, na vinafaa kuwa mwanzo wa ulinzi wa kijiji. Mbasa anahitaji makubaliano kati ya vijiji vya ziwani na vya milimani. Usipa, ambaye hana mpaka, anahitaji makubaliano ya wilaya na ya nchi jirani. Katika ngazi zote tatu uzoefu wa Tanga na wa Malombe unaonyesha jambo moja: kamati iliyopewa kazi ya ulinzi bila mamlaka ya kuamua wala sehemu ya mapato haidumu baada ya mradi kuisha.

## Tazama pia

* Ziwa Nyasa
* Wilaya ya Kyela
* Wilaya ya Ludewa
* Bwawa la Mtera
* Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia
* Matumbawe